Doti

Karani wa Kasulu aliniandika Bukulu.
Nikamwambia, ni Bukuru, mzee, kwa R, ile inayotetema.
Akasema kusahihisha ni elfu ishirini.
Nikaondoka na L yangu, nikidhani herufi haina uzito.
Leo naipima hapa Manyovu, ukungu umelalia migomba:
ina uzito wa saa nne na nusu.

Kizuizi ni mti uliopakwa nyekundu na nyeupe,
kitakoni umefungiwa jiwe ili unyanyuke kwa wepesi.
Na kweli hunyanyuka. Nimeuona ukilinyanyukia lori la saruji,
na pikipiki ya mtu ambaye hata hakuzima injini.

Afande Sichalwe anaikunja hati, anaikunjua.
"Hii inasema Bukulu. Kadi ya homa ya manjano inasema Bukuru.
Aliyechanjwa nani, anayesafiri nani?"
Sindano ilimchoma huyu huyu, nikasema.
Hakucheka. Aliuhemea muhuri, wino umekauka,
akauweka chini bila kuupiga.
"Halafu picha hii ina nywele."

Nimenyoa, afande. Tumezika.

"Pole sana," akasema, na sauti ilikuwa ya kweli,
"lakini picha ina nywele."

Ng'ambo ya mti, hatua thelathini,
Butoyi amesimama na mwavuli uliovunjika mbavu.
Tumbo moja, usiku mmoja:
mimi nilitangulia, yeye akafuata
kama mtu aliyerudi ndani kuchukua kitu.
Aliolewa Mabanda mwaka ule wa mahindi mengi.
Tunasalimiana kwa kupaza sauti,
kwa maneno ambayo huku ni Kiha, kule ni Kirundi,
na askari wa pande zote mbili wanageuka.

"Fungua mfuko."
Dagaa wa Kibirizi, kilo mbili.
Chupa ya mawese, kizibo chake gunzi.
Na doti ya mama, mpya, ina harufu ya duka bado,
pindo la kijani, na chini maandishi:
TULICHOPEWA KINATUTOSHA.
Alisema kila mmoja kipande chake.
Hakuwahi kuikata.

"Kanga isiyokatwa ni bidhaa," anasema afande.
"Bidhaa ina ushuru. Mtu wa ushuru yuko chai."
Sijui ni chai gani, kikombe chake hakina kitako.

Tukangoja. Kwa kungoja akaanza kunisimulia
kwamba yeye ni mtoto wa Tunduma,
kwamba shangazi yake analala Nakonde, Zambia,
na utotoni walikuwa wakimpelekea moto wa kuwashia jiko
kabla haujazimika njiani.
"Najua, dada," akasema. "Nayajua haya."

Hapo ndipo aliponichoma.
Asingejua, ningemsamehe.

Nikaomba wembe wake wa kuchongea penseli.
Nikaitandaza doti juu ya daftari la wasafiri,
nikapitisha wembe katikati, taratibu,
mahali pale pale ambapo mama angepitisha.
Nyuzi mbili zikaangukia majina ya watu.
Kipande changu nikajifunga kiunoni.
Cha pili nikakikunja, nikakiweka mbele yake.
Sasa si bidhaa, ni nguo. Mpelekee yule.

"Yule nani?"

Akainua macho. Akakiona kichwa kile, kimenyolewa,
paji lile, shingo ile imeinama upande wa kushoto.
Akanitazama mimi. Akaitazama picha.
Kwa mara ya kwanza tangu kupambazuke
hakuwa na swali.

Muhuri hakuupiga. Lakini alikichukua kipande kwa mikono miwili,
akainama, akapita chini ya mti wake mwenyewe,
akaanza kuzitembea zile hatua nilizozihesabu tangu asubuhi.
Kumi. Kumi na tano. Kumi na nane.
Askari wa Burundi akatoka kibandani, akanyoosha kiganja.

Sikusikia aliulizwa nini.
Nilimwona tu amesimama pale katikati,
kanga ya mama imemning'inia begani,
anajipapasa mifuko.